Mgeni Anavyotuona: Fikira Potofu Juu ya Watu wa Dar es Salaam

Maandishi ya mazungumzo ya redio kwa madarasa ya watu wazima na vikundi vya wasikilizaji

Natumaini mmekwisha kukusanyika, na kwamba katibu wa kila kikundi ana kalamu na karatasi yake tayari. Mwisho wa mazungumzo haya nitatoa maswali ya kujadiliana, kwa hiyo nawaomba msikilize kwa makini.

Somo letu la leo ni juu ya fikira ambazo wageni wanazo kuhusu sisi watu wa Dar es Salaam, hasa sisi wa Kariakoo na mitaa jirani kama Gerezani, Jangwani, Mchikichini na Ilala. Ninaposema mgeni sina maana ya Mzungu peke yake. Mgeni ni mtalii aliyeshuka uwanja wa ndege jana, ni mfanyabiashara aliyekuja kutoka Lubumbashi au Lusaka kununua bidhaa, na pengine ni ndugu yetu wa bara aliyefika mjini asubuhi hii na begi lake begani. Wote hao hufika wakiwa na habari walizosikia juu yetu. Habari nyingine ni za kweli, nyingine ni nusu ya kweli, na nyingine si kweli kabisa.

Basi, fikira potofu ni nini? Watu wengi hudhani ni uongo mtupu. Sivyo. Mara nyingi huanza na jambo ambalo mtu ameliona kwa macho yake. Kosa lake ni hili: ameona kipande, akakiita kizima. Wahenga walisema samaki mmoja akioza wote wameoza. Methali hii inafaa sana kwa tenga la samaki pale Feri. Lakini ukiitumia kwa kabila zima, au kwa mji mzima wenye watu 5,383,728, kama ilivyoonekana katika sensa ya mwaka 2022, utawadhulumu watu wengi kwa siku moja.

Haya sasa, tutazame mifano.

Saa na uvivu

Fikira ya kwanza ni kwamba watu wa pwani ni wavivu na hawajali saa. Mgeni anaambiwa, "Njoo kesho saa mbili asubuhi." Kwao hesabu ya saa huanza usiku wa manane, kwa hiyo saa mbili ya asubuhi kwao ni usiku mkubwa, wakati sisi tunaiita saa nane ya usiku. Anajisemea, "Haiwezekani, bila shaka ni saa mbili ya mchana," yaani saa nane yetu. Anafika jua likiwa kichwani, anakuta mwenyeji wake amemngoja tangu asubuhi kisha ameondoka. Anarudi kwao kusimulia kwamba Waswahili hawatimizi ahadi.

Mwenyeji hakukosa. Saa zetu zinaanza na mapambazuko. Dar es Salaam haiko mbali na Ikweta, na kwa sababu hiyo jua huchomoza karibu wakati ule ule mwaka mzima, saa kumi na mbili au kupita kidogo. Saa moja ni saa ya kwanza ya mchana. Hesabu hii ina maana nzuri kwa nchi kama yetu. Kule Ulaya, ambako jua la wakati wa baridi huchelewa sana na la wakati wa joto huwahi mno, isingefaa.

Mgeni huyo huyo hupita Kariakoo adhuhuri akaona vijana wamelala juu ya mikokoteni yao. Anasema, "Tazama, mchana kweupe wamelala!" Hakuwapo saa kumi alfajiri, magari ya mizigo yalipokuwa yanashushwa viazi, vitunguu na nyanya. Kijana aliyesukuma mkokoteni tangu saa hiyo ana haki ya kujinyoosha saa sita.

Neno pole

Mfano wa pili ni mdogo, lakini unafundisha. Mgeni amejikwaa kwenye mtaro wa Mtaa wa Msimbazi. Mama anayeuza maandazi ng'ambo ya barabara anamwambia, "Pole, baba!" Mgeni anashangaa. Katika lugha yake neno analodhani ni sawa na pole ni neno la kuomba radhi, kwa hiyo anajiuliza: mbona mama huyu anakiri kosa naye hakunigusa? Au anafikiri watu hawa ni wanyonge, wanajishusha mbele ya kila mtu.

Sisi tunajua kwamba pole si kukiri kosa. Ni kumwambia mtu kwamba maumivu yake tumeyaona. Tunampa pole mgonjwa, mfiwa, msafiri, hata mtu aliyerudi kazini jioni. Mgeni akielewa neno hili moja tu, ameelewa jambo kubwa juu ya watu wanaolisema.

Utani si ugomvi

Tatu, wageni wengi husema makabila ya Afrika yanachukiana siku zote. Mgeni anaingia msibani na kusikia mtu mmoja akimtukana marehemu: alikuwa mlafi huyu, alikuwa na madeni, afadhali amekwenda! Na wafiwa wanacheka huku wanalia. Mgeni anaogopa. Anatazama mlango, asije akaumizwa vita vikianza.

Asilojua ni kwamba yule ni mtani. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu zamani za misafara, wakati wapagazi wa Unyamwezi waliposhuka pwani na pembe za ndovu na kupita katika nchi ya Wazaramo. Kutokana na kukutana huko, pengine kwa kupigana na pengine kwa kusaidiana, zilizaliwa desturi za kutaniana. Mtani ana ruhusa ya kusema maneno ambayo mwingine angeyasema angepigwa. Lakini pia ana kazi: husaidia maziko, hutumwa, huwafanya wafiwa wasizame katika huzuni. Kwa hiyo kile ambacho mgeni alikiona kuwa uadui, kumbe ni mojawapo ya kamba zilizowafunga pamoja watu wa makabila zaidi ya 120 ya nchi hii.

Na hapo hapo niseme neno juu ya wale wanaodhani kila Mtanzania ni Mmasai. Picha za ndugu zetu Wamasai na shuka zao nyekundu zimezagaa katika kadi na vitabu vya watalii. Mgeni hufika Dar es Salaam akatafuta mikuki. Anakuta Mmasai mmoja analinda duka usiku na mwingine anasuka nywele za akina mama, na mwenye nyumba ni Mzaramo, mpangaji ni Mchaga, jirani ni Mhindi ambaye babu yake alizaliwa papa hapa.

Lugha yetu

Nne, husemwa kwamba Kiswahili si lugha kamili, ati ni Kiarabu kilichovunjika, na Waswahili ni watu wasio na asili. Ni kweli tumeazima maneno mengi. Kitabu na habari tumepata kwa Waarabu, meza kwa Wareno, gari kwa Wahindi, shule kwa Wajerumani. Hata jina la Kariakoo ni la kuazima. Wajerumani walijenga jengo la soko mahali hapo karibu na mwaka 1914, vita vikaanza kabla halijatumika. Waingereza walipouteka mji mwezi wa Septemba 1916, walilifanya kambi ya kikosi cha wapagazi, kwa Kiingereza Carrier Corps. Vinywa vya watu vikaligeuza likawa Kariakoo. Mgeni anayedhani ni neno la kale la Kiafrika hajui kwamba linakumbusha maelfu kwa maelfu ya Waafrika waliobeba mizigo ya vita visivyokuwa vyao, na makumi ya maelfu kati yao hawakurudi makwao.

Lakini kuazima maneno si kuazima mifupa. Mifupa ya Kiswahili ni ya Kibantu. Tunasema mtu, watu; kiti, viti. Mkikuyu husema mundu, andu. Mzulu wa kule Afrika ya Kusini husema umuntu, abantu. Mnaona undugu huo? Kiingereza nacho kimejaa maneno ya Kifaransa na Kilatini, wala hakuna mtu anayesema Waingereza hawana lugha.

Wanawake wa pwani

Tano, maofisa wengi wa kikoloni waliamini kwamba wanawake wa Kiislamu wa mjini hapa ni watu wa ndani tu, hawana habari ya mambo ya nchi, na kazi yao ni ngoma na arusi. Ngoma waliziona. Hawakuona yaliyokuwa ndani ya ngoma. Vikundi vya lelemama vilikuwa na viongozi, ada, kanuni, na njia ya kupeleka habari nyumba hata nyumba katika muda wa siku moja.

TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, katika mtaa wa Kariakoo ambao leo unaitwa Lumumba, wanawake walikuwa wachache sana. Mwaka uliofuata Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa mwimbaji mashuhuri wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba, alianza kuwaendea viongozi wa vikundi hivyo. Katika muda mfupi wanawake wa Dar es Salaam waliingia chamani kwa maelfu. Wale waliodhaniwa hawajui kitu ndio waliouza kadi, wakakusanya fedha na kuwaleta watu mikutanoni. Leo barabara kubwa inayopita kando ya Mnazi Mmoja ina jina lake.

Fikira inapopata nguvu ya sheria

Wasikilizaji, mpaka hapa pengine mnacheka, mnasema mgeni na adhani atakavyo, inatudhuru nini? Sasa tunafika kwenye kiini cha somo letu. Fikira potofu ikikaa kichwani mwa msafiri, ni hadithi. Ikikaa kichwani mwa mtu mwenye mamlaka, inakuwa sheria.

Tazameni ramani ya mji wetu. Tangu siku za Wajerumani, na hasa wakati wa Waingereza, mji uligawanywa mafungu kwa namna ya majengo: Wazungu upande wa bahari, Wahindi katikati, Waafrika Kariakoo na Ilala. Wakubwa wa wakati ule walifikiri kwamba Mwafrika anabeba maradhi mwilini mwake, na kwamba ukimweka mbali utakuwa na afya. Uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi uwe mpaka kati ya Uhindini na Kariakoo. Mbu wa malaria hakuuliza mtu kabila lake, wala hakusoma ramani. Fedha ambazo zingechimba mitaro na kuleta maji Kariakoo zilitumika zaidi kwingine, na kisha wageni wakasema, "Mnaona jinsi Waafrika wanavyopenda uchafu?" Basi angalieni: fikira ilizaa sheria, sheria ikazaa hali mbaya, na hali mbaya ikatolewa kuwa ushahidi wa ile fikira.

Na juu ya kazi ilikuwa hivyo hivyo. Watu wengi wa Kariakoo walikuwa vibarua wa bandarini. Mnajua asili ya neno kibarua? Ni barua ndogo, cheti alichopewa mtu kwa kazi ya siku. Meli zikiwapo, kazi ipo. Zisipokuwapo, mtu anakaa. Bandari yenyewe ndiyo iliyotaka watu wa namna hiyo, wanaongoja bila kulipwa. Lakini ofisa aliyempita mtu barazani saa nne asubuhi alimwita mhuni. Mwaka 1944 ikatungwa sheria iliyowapa wakubwa uwezo wa kuwaondoa mijini Waafrika waliohesabiwa kuwa hawatakiwi. Watu wakakamatwa mitaani na kurudishwa makwao. Miaka mitatu tu baadaye, mwaka 1947, vibarua hao hao walioitwa wavivu waligoma bandarini kudai ujira bora, na mgomo wao ukaenea kwenye reli na hata bara. Ndipo watu wengi walipoona kwamba bila mikono ya "wahuni" shehena haishuki.

Msidhani kwamba jambo hili lilikwisha bendera ilipobadilishwa. Fikira haina rangi. Mwaka 1983 serikali yetu wenyewe ilipitisha sheria ya Nguvu Kazi, na watu wa mijini ambao hawakuweza kuonyesha kitambulisho cha kazi walikamatwa na kupelekwa vijijini. Miongoni mwao walikuwamo wauza karanga, mafundi viatu na akina mama wapishi wa vitumbua, watu waliokuwa wakilisha nyumba zao kwa jasho. Kazi yao haikuonekana kuwa kazi kwa sababu haikuwa na ofisi. Baadaye serikali ikabadili mwendo, na leseni ya mchuuzi mdogo ikaja kuitwa hiyo hiyo nguvu kazi. Mwezi wa Desemba 2018 Rais Magufuli alianza kugawa vitambulisho vya wafanyabiashara wadogo kwa shilingi 20,000 kila kimoja. Mtu aliyehesabiwa mzururaji mwaka 1983, mwanawe alipewa kadi ya kumtambua.

Na sisi je?

Sasa tugeuze kioo. Sisi nasi ni wageni kwa wenzetu. Kijana akipita Mtaa wa Kongo ana nywele ndefu zilizosokotwa na kofia ya nyekundu, manjano na kijani, tunasema, "Huyo Mjamaika, mvuta bangi." Tunajua nini juu ya Jamaika? Ni kisiwa cha bahari ya Karibi, chenye watu karibu milioni tatu, kilichopata uhuru tarehe 6 Agosti 1962, miezi minane baada yetu. Imani ya Rasta ilizaliwa kule katika miaka ya 1930, ni kweli. Lakini katika sensa yao ya mwaka 2011 waliojiandika kuwa Rasta walikuwa kama mtu mmoja tu katika kila mia. Wengi wao ni Wakristo waendao kanisani Jumapili, wakulima wa miwa na kahawa, walimu, wauguzi. Mjamaika akisafiri huulizwa bangi iko wapi, kama vile sisi tunavyoulizwa simba wetu tumemfunga wapi.

Tena hatuna haja ya kwenda mbali. Tunasema Wachaga wote wanapenda fedha, Wazaramo wote wanapenda ngoma. Tunamwita kila mchuuzi Mmachinga, na wengi wetu hatukumbuki kwamba Wamachinga ni kabila la Mkoa wa Lindi, lenye wakulima na wavuvi wake. Watani wakisemana hivyo kwa mzaha, hakuna neno. Lakini mwenye nyumba akimnyima mtu chumba, au mwajiri akimnyima mtu kazi kwa maneno hayo, huo si utani tena.

Tufanye nini?

Nina mashauri matatu. La kwanza, tusikatae kila neno baya. Kariakoo kuna wezi wa mifukoni. Kuna wauzaji wanaopandisha bei mara tatu wakimwona mgeni. Tukikana tutaonekana waongo, na fikira potofu itapata nguvu. Tuseme, "Hilo ulilosema lipo. Lakini umeona wachache. Njoo nikuonyeshe wengine."

La pili, tueleze bila hasira. Mgeni akichelewa kwa sababu ya saa, tumfundishe hesabu ya saa. Akishangaa neno pole, tumpe maana yake. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji hawezi kupona kwa mgeni aliyeachwa gizani.

La tatu, kabla hatujasema "watu wa mahali fulani ni hivi," tujiulize: nimewaona wangapi? Niliwaona saa ngapi? Na je, hali ninayoilaumu wameitaka wenyewe, au wamewekewa na wengine? Swali hilo la mwisho ndilo kubwa. Kama maofisa wa mwaka 1944 wangejiuliza hilo, wangekwenda bandarini kuuliza kwa nini watu hawana kazi ya kudumu, badala ya kwenda Kariakoo kuwakamata.

Maswali ya kujadiliana

1. Taja jambo moja ambalo wageni husema juu ya watu wa mtaa wako. Ni kipande gani cha kweli kilichomo ndani yake, na ni kipande gani hawakukiona?

2. Kuna tofauti gani kati ya utani na dharau? Toeni mifano miwili kutoka katika kikundi chenu.

3. Je, katika mtaa wenu kuna watu ambao kazi yao haihesabiwi kuwa kazi? Wanafanya nini, na nani angepungukiwa kama wangeacha kwa siku tatu?

4. Kila mmoja ataje kabila au nchi aliyoidhania vibaya bila kuwajua watu wake. Aliipata wapi fikira hiyo?

Katibu aandike majibu kwa kifupi na kuyasoma mbele ya kikundi kabla ya kuachana, ili kila mmoja apate nafasi ya kusahihisha.